Kwa nini ukumbi wa tamasha ulikaa kimya baada ya sehemu ya kwanza ya muziki?

Si kwamba hawakupenda. Kazi iliyotungwa kwa kwarteti ya nyuzi, yaani wapigaji wanne (violini mbili, viola, selo), kwa kawaida ina sehemu nne, na desturi ya leo ni kusubiri ya mwisho ndipo makofi yapigwe. Enzi za mtunzi Mozart, karne ya 18, watu walishangilia hata katikati ya muziki, kwa hiyo anayekukodolea macho ukipiga makofi mapema anatetea desturi changa tu.

Kuhesabu sehemu kwenye ratiba husaidia, ila si mara zote: Opus 131 (yaani kazi namba 131) ya mtunzi Beethoven ina sehemu saba zinazopigwa mfululizo, bila kituo. Afadhali uwaangalie wapigaji. Kati ya sehemu hushusha pinde, lakini macho yanabaki kwenye noti; huyu anafunua ukurasa, yule anarekebisha uzi uliolegea. Wakimaliza kweli, mabega hulegea, wanatazamana, kisha wanasimama.

Mtego mkubwa ni wa mtunzi Haydn, Opus 33 namba 2 (1781). Mwishoni anaukatakata wimbo kwa vituo, ananyamaza kirefu mpaka watu waanze makofi, halafu unarudi mstari wa kwanza wa wimbo, kwa sauti ya chini sana, na ndiyo basi. Hapo ukidanganyika, cheka tu. Aliukusudia utani huo.