Nepi ya kitambaa: usingoje mtoto alie

Binti yangu wa kwanza hakuwa na desturi ya kulia anapolowa. Aliweza kulala muda wa saa tatu katika nepi iliyojaa mkojo, uso wake umetulia, nami nikajisifu moyoni kwamba nimejaliwa mtoto mpole. Mama mkwe, aliyekuja Morogoro kunitunza siku za arobaini, alimnyanyua asubuhi moja, akapitisha kiganja chini ya makalio yake, akasema, "Mama Neema, huyu amelowa tangu alfajiri." Nilipofungua pini, harufu kali ya mkojo ilinigeuza uso, na ngozi ya mapajani ilikuwa nyekundu, iking'aa kama iliyosuguliwa.

Kosa langu lilikuwa kusubiri kilio. Mkojo hutoka ukiwa na joto la mwili, kwa hiyo watoto wengi hawasumbuki mpaka nepi ipoe, na wapo wasiojali hata ikipoa. Nepi za kutupa, ambazo sisi huziita pempasi hata zikiwa za kampuni nyingine, zina chembechembe zinazoufanya mkojo ugande kama uji mzito na kukaa mbali kidogo na ngozi. Taulo la pamba halina uwezo huo. Hunyonya vizuri, lakini unyevu hubaki palepale, ukigusana na mtoto kila anapojinyoosha, na ukichanganyika na kinyesi ngozi huchubuka upesi zaidi.

Mama mkwe alinifundisha kugusa kabla ya kutazama. Unanawa mikono, unaingiza kidole kwenye pindo la nepi pale mguu unapotokea, na kukipeleka mahali ambapo mtoto wako hulowa kwanza: mvulana huanza mbele, na msichana katikati na kwa nyuma, hasa akilala chali. Uzito nao husema, kwa kuwa nepi iliyolowa hushuka kiunoni na kuivuta pini. Kilichokuwa kikinidanganya mimi ni chupi ya plastiki niliyomvalisha juu ya nepi, ambayo kwa nje ilikuwa kavu wakati ndani ni bwawa. Nikaacha kuitumia tukiwa nyumbani, nikaibakiza kwa siku za kupanda daladala kwenda kliniki, na shuka zilizolowa nikazihesabu kuwa gharama ndogo.

Kidole hakitoshi bila ratiba. Kwa mtoto mchanga nilikagua kila anaponyonya, na mchana sikuruhusu nepi ikae mwilini zaidi ya muda wa saa 2 au 3 hata kama nilidhani ni kavu. Kinyesi hakina ratiba wala hakingoji; mtoto anayenyonya maziwa ya mama anaweza kujisaidia karibu kila anyonyapo, kinyesi chepesi cha manjano, na dalili yake kwa Neema ilikuwa kunyamaza ghafla, kukunja uso na kuwa mwekundu masikioni. Usiku, alipokuwa na miezi kadhaa na ngozi yake ni nzima, nilimwekea nepi mbili, nikamwacha alale ikiwa ni mkojo tu.

Kuhesabu nepi kuna faida nyingine. Kuanzia siku ya 5 hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake huwa na rangi hafifu. Nepi zikibaki kavu kwa saa nyingi, au mkojo ukiwa wa rangi nzito na mtoto amelegea, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa wekundu usiopungua ndani ya siku 2 au 3 za kubadilisha mara kwa mara, au ulioingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo, kwa sababu huo mara nyingi ni fangasi na hauponi kwa kubadilisha nepi peke yake.

Nikiri jambo moja ambalo wengi hatulisemi: mara nyingi nilijua mtoto amelowa, ila nilichelewa kwa sababu sikuwa na nepi kavu. Nilianza na nepi 12, na masika ya Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa imefunikwa na mawingu tangu asubuhi, hayakaushi taulo kwa siku moja. Nilipofikisha 24, pamoja na vipande vya kanga kuukuu ambavyo hukauka upesi, sikuwa tena na sababu ya kujifanya sijaona.

Hata hivyo, usianike nepi kivulini ukazivalisha zikiwa na ubichi. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini na kuota kama jipu. Anika juani inapowezekana, na upige pasi yenye moto pande zote mbili, ukikazia kwenye pindo. Na ikiwa nepi iliyofuliwa inatoa harufu kali mara tu mtoto anapokojoa, usimlaumu mtoto. Isuuze kwa maji mengi zaidi na uiloweke kwenye maji ya moto, kwa maana mkojo wa jana bado umo ndani ya nyuzi.

Mdogo wake Neema ana miezi minne sasa. Baba yake hutazama saa kwanza, mimi hutanguliza kidole, na mara nyingi tunakutana kwenye nepi ileile.