Shangazi, mume anataka Kilosa na mimi nataka kubaki Dar

Shikamoo Shangazi,

Tulikuwa na nyumba yetu Kigogo, bonde la mto Msimbazi, vyumba vinne. Masika ya 2024 maji yalifika madirishani, tukatoka na magodoro mawili na begi la vyeti. Tukahamia kwa wifi yangu Tandika tukijua ni wiki mbili tu, na hadi leo tupo, watu watano chumba kimoja. Wifi hasemi kitu, ila siku hizi anahesabu ndoo za maji. Fidia ya nyumba imeshatoka, ipo kwenye akaunti ya mume wangu. Yeye ni seremala Keko na anasema twende kwao Kilosa, Morogoro, kuna shamba la marehemu baba yake. Mimi nauza supu na chapati Buguruni alfajiri. Dalali amenionyesha kiwanja Msongola, pembezoni mwa jiji, mita ishirini kwa ishirini, milioni nne, nikampa advansi ya laki tatu, hela yangu ya upatu. Mume hajui. Jirani wa zamani naye ananiita turudi kupanga kulekule bondeni, vyumba ni bei rahisi. Mkubwa wangu yuko darasa la saba. Mdogo akisikia mvua juu ya bati anakwenda kuvaa viatu. Twende wapi?

Mama Zuhura, Tandika

Marahaba, Mama Zuhura. Poleni sana, na huyo mdogo mpe pole yake peke yake.

Naanza na laki tatu. Mwambie mumeo leo, kabla hajaambiwa na dalali, maana dalali wa viwanja akishaona advansi haishi kupiga simu, na siku moja simu itapokelewa na asiyetakiwa. Usimwambie mbele ya wifi, wala akiwa ndiyo kwanza anaingia na vumbi la mbao kichwani. Mwache aoge, ale, kisha mtoke mkatembee. Mwambie uliitoa kwa woga, kwa sababu pesa yote iko kwenye akaunti yake na wewe hujui asubuhi itaamkia wapi. Barua yako haikusema hivyo, lakini ndivyo nilivyoisoma.

Sasa Kilosa. Unaandika kama vile mzee kachoka na mji. Mimi naona mwanaume aliyekuwa na nyumba yake ya vyumba vinne, leo akichelewa kazini inabidi amgongee dada yake mlango. Kilosa anaitaja kwa sababu huko hataomba ruhusa kwa mtu. Ukimpinga kwa kumwambia wateja wako wa supu utawaacha wapi, mtagombana hadi mwakani, maana hajibu hoja ya supu, anajibu aibu.

Kwa hiyo usimkatalie. Mwambie aende, peke yake, siku mbili tatu, akaangalie. Shamba liko upande gani wa mto? Kilosa kuna Mkondoa, na mafuriko ya Januari 2010 yaliharibu hadi reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi kwenye mahema. Kukimbia Msimbazi ukajenga kando ya Mkondoa ni kazi bure. Tena, mirathi ya baba yake ilifunguliwa? Shamba lina warithi wangapi, na kina baba wadogo wanasemaje? Shamba la marehemu ambalo halijagawanywa lina wenyewe wengi siku ukianza kumwaga msingi. Na akiwa huko aulize kabati la nguo la milango mitatu linauzwa kwa bei gani, na kwa mwezi yanatoka mangapi. Pale Keko anapata wateja kutoka mji mzima bila kutoka kwenye banda lake. Akirudi na majibu mazuri, mimi na wewe tutanyamaza na kumsikiliza.

Jirani wa bondeni mjibu kwa heshima, lakini mjibu hapana. Serikali imewalipa watu watoke bonde la Msimbazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chumba ni rahisi kwa sababu mwenyewe anajua hakina masika mengi mbele.

Msongola ndiko kunakonipa kazi, kwa sababu hapo moyo wako umeshakwenda na hela yako imeshatangulia. Wakubwa wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Serikali iliwachukua waathirika wa Jangwani na kwingineko ikawapa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Kule walikuwa mbali na maji ya bondeni. Lakini wapo walioviacha viwanja au kuviuza wakarudi mjini, maana riziki yao ilikuwa mjini na nauli ya kuifuata kila siku haikulipika. Wengine waliwacheka, wakasema watu wa bondeni wamezoea maji. Mimi sikuwacheka. Mtu hali kiwanja.

Basi nieleze: supu ya kuuzwa alfajiri Buguruni, ukiwa Msongola utaiinjika saa ngapi? Na ukishaipua, konda gani atakupakia na sufuria la supu ya moto saa kumi usiku? Ukisema utakodi bajaji kila siku, piga hesabu hiyo mbele ya mumeo kwa kalamu, uone faida ya chapati inaishia wapi. Sisemi Msongola ni pabaya. Nasema Msongola ni pa mtu ambaye biashara yake iko hukohuko, au anayeweza kuianzisha upya na kukaa miezi kadhaa bila wateja.

Ushauri wangu, kama ningekuwa shangazi yako wa damu, ni kupanga. Vyumba viwili, kati ya Keko na Buguruni, Temeke au hapohapo Tandika, sehemu ya mwinuko, angalau mpaka huyo wa darasa la saba amalize mtihani wake wa Septemba. Usimhamishe shule sasa. Ndiyo, mwenye nyumba atadai kodi ya miezi sita mbele na inauma kuitoa kwenye fidia. Inauma zaidi kujenga mahali msipoweza kuishi. Pesa inayobaki ihamisheni kwenye akaunti ya pamoja, ya sahihi mbili, au mnunue vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa majina yenu wote, ili isiliwe kidogokidogo na misiba na harusi za ukoo. Mtanunua kiwanja, lakini si kwa haraka ya kumkimbia wifi.

Na mkinunua, kiangalieni masika. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Mwache dalali, kamata bodaboda wa pale kituoni, muulize mvua ikinyesha anapita wapi na anaongeza shilingi ngapi. Tazama kuta za nyumba za jirani kwa chini, kama kuna mstari wa tope. Ukiona matete yamestawi wakati majani mengine yamekauka, ondoka. Omba kuona shimo la choo la jirani linalochimbwa, maji yanaanza kuonekana kwenye kimo gani. Halafu ndiyo mwende serikali ya mtaa, na ofisi ya ardhi ya Jiji mkaulize kama kimepimwa na kimepangwa kwa matumizi gani. Mkataba uwe na majina yenu wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini jina lako likiwa kwenye karatasi hutahitaji kwenda kuieleza sheria hiyo mahakamani.

Huyo mdogo na viatu vyake, msimcheke wala msimvue. Yeye ndiye peke yake katika nyumba hiyo aliyejiandaa. Mvua ikinyesha mchana, simama naye mlangoni, mwonyeshe maji yanavyoshuka kwenda mtaroni na hayarudi. Mwalimu wake pia ajue. Mkienda kutafuta vyumba, mchukueni, naye akague.

Wifi mtendeeni haki. Amewabeba muda mrefu kuliko alivyoahidi. Mnunulieni maji, jazeni simtanki lote, na mumeo mwenyewe amtajie tarehe ya kuondoka. Akishaisikia hiyo tarehe hatahesabu ndoo tena.

Dalali mdai stakabadhi au ujumbe wa simu unaotaja hizo laki tatu na kiwanja chenyewe, kisha umwombe arudishe. Akikataa, nenda na mumeo kwa mwenyekiti wa mtaa wa huko. Na kwenye vyumba mtakavyopanga, kabla ya kutoa kodi, ulizeni LUKU, yaani mita ya umeme, ni ya kwenu peke yenu au mnachangia na nyumba nzima.