Kabla hujatuma mchango wako, ngoja nikusimulie ya mtumbwi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mvua zimebomoa nyumba za watu, nina elfu hamsini yangu, nimpe nani asiyeila?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Amenigusa kwenye kidonda.

Desemba 3, 2023, Jumapili alfajiri, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mimi nilikuwa Dar, mweka hazina wa kikoba cha wanawake 22, na wewe unayenisoma unaijua raha ya kuitwa mtu wa watu. Kufikia Jumanne nilishakusanya 1,340,000, za kwangu 150,000 zikiwa humohumo.

Kwenye kundi la WhatsApp likapita tangazo la taasisi moja: nembo ya viganja viwili, video ya mtoto analia. Nikapiga. Dada mwenye sauti ya upole akaniita "mama wa huruma". Hapo ndipo nilipokwisha. Nilipoweka namba kwenye M-Pesa, simu ikaniletea jina la mwanaume, si la taasisi. Nililiona jamani! Kidole kikasita kidogo, daladala ikapiga breki Magomeni, nikaingiza namba ya siri.

Siku nne baadaye nikaomba picha. Zikaja tatu. Ya kwanza magunia, ya pili magunia, ya tatu wazee wanashushwa kwenye mtumbwi. Mtumbwi! Katesh iko chini ya mlima, kilichokuja ni tope, mawe na magogo; mtumbwi ulielea wapi? Nilipouliza, namba ikawa haipatikani.

Yaliyofuata nayaruka. Nililipa zote, kidogo kidogo, mpaka Julai. Wenzangu wengi walinisamehe. Kuna mmoja hadi leo nikisoma mahesabu anataka daftari alione kwa macho yake. Ana haki, lakini inauma.

Kwa hiyo jina linalotokea kabla ya namba ya siri, lisome. Lisome tena. Taasisi ina akaunti au lipa namba kwa jina lake, haikusanyi kwa laini ya mtu. Na hata jina likifanana usilale: baada ya tetemeko la Kagera, Septemba 2016, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina lilelile la akaunti ya maafa. Chukua namba kutoka kwa wenyewe, si kutoka kwenye ujumbe uliosambazwa mara ishirini.

Cheti nacho kiangalie kimetoka wapi. Cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kinakwambia kuna kampuni au jina la biashara, basi. Shirika lisilo la kiserikali liko kwa Msajili wa NGOs. Msalaba Mwekundu wao wanajulikana na wana watu wao mikoani. Kama huna muda wa kuchunguza, anzia huko.

Aprili 2024 Rufiji ilipofurika sikutaka kusikia tangazo lolote. Nina shoga ana shangazi Muhoro. Shangazi akanitajia kamati ya msikiti wao, nikatuma 200,000, na ndani ya wiki nikapata picha ya karatasi ya daftari: unga, sukari, mikeka, vyandarua, bei mbele ya kila kimoja, chenji 3,500 imeandikwa chini. Ile chenji ilinitoa machozi. Nimeitunza picha mpaka leo, na kikoba nimewaonyesha, yule dada wa daftari wa kwanza.

Tuache kutoa ili tupost. Mimi nilitaka nionekane nimefika wa kwanza, na tapeli anakula haraka yako kabla hajala hela yako. Aliyepoteza nyumba wiki hii, mwezi ujao bado hana nyumba.

Msomaji wangu nimemwambia atume ishirini leo, thelathini akae nazo kelele zipoe. Akanijibu: "Sawa dada. Kwani yule mwanaume hukumtafuta?"

Nilimtafuta. Kituoni nimekwenda mara mbili, na RB, namba ya taarifa niliyopewa na polisi, ninayo kwenye pochi.