Gesi ya saiti: mitungi mingapi, na ikae wapi?

Maswali ya wiki hii yametoka saiti za muda, zile za kujenga miezi michache na kuhama.

Tunajenga daraja dogo. Gesi inafuatwa Dar es Salaam, lori linachukua siku nne kwenda na kurudi, mvua zikianza ni zaidi. Bosi kasema tupeleke oksijeni kumi na asetilini kumi. Zinatosha? (Msimamizi wa saiti, Tunduru)

Kumi kumi ni hesabu ya mtu ambaye hajawahi kushika stoo. Gesi hizi mbili haziishi sawasawa. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la bar 150 una mita za ujazo 7.5 za oksijeni. Fundi anayekata bamba la milimita 12 anakula kama mita za ujazo 2 hadi 3 kwa saa, kwa hiyo mtungi ni karibu saa tatu za moto. Asetilini kazi yake hapo ni kupasha tu. Mtungi mmoja unaweza kuzika minne ya oksijeni.

Ila saa za moto si saa za zamu. Fundi anapima, anachora, anahamisha ngazi, anakunywa chai. Kaa naye siku mbili uandike muda ambao moto unawaka kweli. Tuseme umepata saa mbili kwa siku. Safari siku nne, ongeza nne nyingine za matope: saa 16, yaani mitungi sita. Sita iwe saiti, sita iwe njiani. Asetilini mitatu inatosha: mmoja kazini, mmoja akiba, mmoja kwenye lori. Na ule mtupu fungeni valvu, andikeni kwa chaki. Mtungi uliosahaulika nyuma ya choo hauendi kujazwa, na wauzaji wengi hawakupi mzima bila mtupu.

Napikia vibarua 80 kwa mtungi wa kilo 15 na jiko kubwa la plate moja. Ikifika saa nne asubuhi mtungi unatoa jasho, unakuwa wa baridi, moto unanywea. Kesho yake unawaka vizuri tena. Napunjwa? (Mama lishe, Chalinze)

Safari hii muuzaji hana kosa, dada. Ndani ya mtungi gesi iko kama maji, na ili igeuke mvuke inavuta joto kutoka kwenye chuma na hewa ya nje. Jiko lako linanyonya haraka kuliko mtungi unavyopata joto, ndiyo maana shinikizo linashuka. Ukilala, na wenyewe unapata nafuu.

Najua wapo wanaouweka kwenye karai la maji ya moto, au kuusogeza karibu na moto. Usijaribu. Chukua mtungi wa kilo 38, au fundi akuunganishie miwili ya 15 itoe kwa pamoja. Maharage nayo yalowekwe tangu usiku.

Kuhusu kupunjwa, dawa yake ni mzani, na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inataka muuzaji awe nao. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Upimwe mbele yako, utoe huo uzito, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia.

Tumeibiwa mitungi mara mbili. Tumeamua kuifungia yote kwenye kontena la futi 20, pamoja na rangi na dizeli. Ushauri? (Stoo kipa, Dodoma)

Msifanye hivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni na kusubiri. Mwaka mmoja nilifungua kontena la namna hiyo Jumatatu asubuhi, kumbe valvu moja ilikuwa inavuja tangu Jumamosi. Harufu ilinipiga mlango ukiwa haujafika nusu, na nyuma yangu mlinzi ana sigara mdomoni, kiberiti mkononi. Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila njiti ilianguka kwenye tope kabla haijawashwa.

Jengeni kizimba cha wavu mgumu, paa la bati, makufuli mawili, mbali na mitaro. Oksijeni ikae mita 6 kutoka kwa gesi zinazowaka, au katikati pawe na ukuta wa tofali wenye kimo cha mita moja na nusu. Dizeli na grisi zisiikaribie oksijeni kabisa, hata glavu yenye mafuta isiguse valvu. Mitungi isimame na ifungwe mnyororo. Asetilini iliyosafiri imelazwa isimamishwe kwanza saa kadhaa, maana ndani kuna asetoni, kimiminika kinachoishika gesi hiyo, ambayo haitakiwi kutoka na gesi.

Bomba la gesi kutoka Mtwara linapita karibu na kambi yetu. Tunaweza kuunganishwa kwa miezi sita? (Mhandisi, Lindi)

Hilo linasafirisha gesi kwa shinikizo kubwa, umbali wa zaidi ya kilomita 500, hadi Dar es Salaam. Halitobolewi kama bomba la maji la mtaani. Panatakiwa kituo cha kupunguza shinikizo, na kabla hakijakamilika kambi itakuwa imeshahama. Isitoshe, majiko ya mitungi hayakutengenezwa kwa gesi hiyo. Ulizia duka la karibu lina mitungi mingapi ya kilo 38 ya kubadilishana.