Mvua, chumvi na kina cha detekta ya metali

Wapo wanaodai kuwa detekta huona mbali zaidi udongo ukilowa, na wapo wanaodai kinyume. Wote wanaweza kuwa sahihi. Maji matupu hupitisha umeme kidogo sana. Kinachoupitisha ni chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Ndiyo maana udongo wa kichanga usio na chumvi ukilowa, kina ambacho detekta hufikia hakibadiliki sana. Mchanga wa ufukweni uliolowa maji ya bahari, au shamba lililotoka kutiwa mbolea ya chumvichumvi, ni habari nyingine: ardhi nzima huitikia kama metali. Vitu vyembamba, hasa vidani vya dhahabu, huathirika kwanza, maana mwitikio wao unakaribiana na wa chumvi. Ukiipanga detekta ipuuze chumvi, itavipuuza navyo.

Kwa chuma cha zamani unyevu ni msaada. Kutu iliyosambaa pembeni yake ikilowa, mlio hukua. Ukishavuruga udongo huo kwa jembe, mlio unaweza kufifia kabla hujakishika kitu chenyewe. Usiondoke, pitisha koili (lile duara la detekta linalopekua ardhi) kwenye shimo na kwenye udongo uliotoa.

Kinachosumbua zaidi ni ulowevu wa mabaka. Baada ya mvua kubwa, acha siku moja au mbili maji yasambae, kisha sawazisha detekta na ardhi: tafuta mahali pasipo na metali, pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 3 na 30 hadi mlio utulie. Rudia kila unapotoka pakavu kwenda palipolowa. Ikiendelea kupiga kelele, punguza usikivu hatua kwa hatua. Usikivu wa wastani uliotulia hufika chini kuliko wa juu wenye kelele, kwa sababu mlio hafifu wa kitu kilicho chini hauzami ndani ya fujo.

Kwenye mchanga wa chumvi tumia detekta ya masafa mengi kwa pamoja (inayotuma mawimbi ya masafa tofauti kwa wakati mmoja) au ya mapigo (inayotuma mapigo mafupi ya sumaku), na unapopekua usiiyumbishe koili juu na chini. Fungua pia kifuniko chake ufute maji na matope yaliyonasa.

Udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma usiusubiri ukauke: tatizo lake ni usumaku, nao hauondoki na jua. Hapo koili ndogo husaidia, maana huona udongo kidogo kwa wakati mmoja.