TV mpya, sauti ya bati: ninunue saundiba?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua smart TV ya inchi 43 ya bei ya chini. Picha haina shida, ila sauti kama inatoka ndani ya bati. Kwenye filamu maongezi siyasikii, halafu ikija milipuko watoto wanaamka. Nina sabufa ya zamani yenye matundu mekundu na meupe. Nimejaribu kuiunganisha kwa bluetooth, midomo inatangulia sauti. Ninunue saundiba?

JIBU: Nzuri, ndugu. Usinunue kwanza hiyo spika ndefu ya kuweka chini ya TV. Sabufa yako inatosha, tatizo ni njia ya kuifikia.

TV hizi nyembamba huwa na spika mbili ndogo, mara nyingi za wati 8 au 10 kila moja, zinazotazama chini au nyuma. Sauti inagonga meza na ukuta kabla ya kukufikia, na kasha halina nafasi ya kutoa besi. Menyu haiwezi kutibu hilo. Bluetooth nayo huibana sauti, huirusha, kisha sabufa huifungua upya, na hayo yote huichelewesha. Kwenye muziki hutahisi tofauti, ila kwenye taarifa ya habari utauona mdomo wa mtangazaji ukitangulia sauti.

Geuza TV uangalie nyuma. Ukikuta tundu la hedifoni, umemaliza: tafuta waya wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili (pini za kuingia kwenye yale matundu mekundu na meupe) upande wa pili, weka sauti ya TV kwenye robo tatu, mengine rekebisha kwenye sabufa. Usichomeke palipoandikwa AV IN. Hapo sauti inaingia, haitoki.

Hedifoni isipokuwepo, tafuta palipoandikwa OPTICAL, kitundu cha mraba chenye mwanga mwekundu. Utahitaji kisanduku cha kubadili sauti ya dijitali kuwa analogia, ile ambayo sabufa yako inaielewa. Kinatumia umeme wa USB ya TV yenyewe. Na hapa ndipo watu hurudisha kisanduku kizima dukani wakidai ni kibovu. Vingi vya bei ndogo huelewa PCM tu, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. TV ikituma Dolby, yaani sauti ya filamu iliyobanwa, unapata kimya au mkwaruzo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, kwenye Digital Output ondoa Auto, weka PCM.

Maongezi kufifia ni jambo jingine. Filamu iliyochanganywa kwa 5.1, yaani kwa spika tano na sabufa moja, huweka maneno zaidi kwenye spika ya katikati, ambayo wewe huna. Programu ikikupa chaguo la sauti lisilo na alama ya 5.1, chukua hilo. Zima surround ya TV (ile ya kuigiza sauti inayokuzunguka), ni mbwembwe tu. Itoe sabufa kwenye kona pia, kwa sababu kona hukuza besi, na besi ikizidi hufunika maneno.

Siku ukiamua kununua saundiba, iwe na HDMI ARC, yaani HDMI inayotoa sauti kwenye TV kwenda kwenye saundiba, na uichomeke kwenye tundu la TV lenye maandishi hayo hayo. Yenye bluetooth peke yake itakurudisha kwenye tatizo la midomo.