Maswali ya Wasomaji: Matope ya Bahari na Matetemeko Makubwa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba pale ambapo bamba la sakafu ya bahari huzama chini ya bamba jingine, mashapo yaliyo juu yake nayo huburutwa hadi chini. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unateleza, kama anavyojua yeyote aliyepita njia ya shambani wakati wa masika. Kwa nini basi mabamba hayo hayatelezi polepole bila kutuletea maafa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Hoja yako iliwahi kuwa ya wataalamu wengi. Kabla ya mwaka 2011 ilidhaniwa kwamba sehemu ya juu ya ufa (mahali mabamba mawili yanapogusana na kuteleza), iliyo karibu na mfereji wa bahari, yaani bonde refu la chini ya bahari ambapo bamba huanza kuzama, ni laini mno kuweza kuchangia sana tetemeko kubwa. Tarehe 11 Machi mwaka huo, sehemu hiyohiyo mashariki mwa Japani iliteleza kwa takriban mita 50, na sakafu ya bahari iliyonyanyuliwa ghafla ikazaa tsunami ya Tohoku.

Mwaka uliofuata meli ya Kijapani ya Chikyu ilichoronga mahali penye kina cha maji cha karibu kilomita 7, ikaufikia ufa wenyewe zaidi ya mita 800 chini ya sakafu. Tabaka lililoteleza halikufika hata mita 5 kwa unene, na takriban asilimia 78 yake ilikuwa smektaiti, madini ya mfinyanzi ambayo fuwele zake ni tando nyembamba zilizobana maji katikati. Sampuli zake ziliposuguliwa maabara kwa mwendo wa kasi kama wa tetemeko, nguvu iliyohitajika kuzitelezesha ilikuwa kama asilimia 8 tu ya nguvu iliyozikandamiza, ilhali miamba ya kawaida huhitaji asilimia 60 au zaidi. Vipimajoto vilivyoachwa ndani ya shimo vilikuta joto la ziada la theluthi moja tu ya digrii, na hesabu za joto hilo zikaleta jibu lilelile.

Ulaini, kwa hiyo, si kinga. Mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi. Msuguano unapoyapasha joto, maji hutaka kutanuka, hukosa njia, na kanieneo yake hubeba sehemu ya uzito uliokuwa ukizikandamiza kuta za ufa. Mpasuko unaotoka kwenye kina, kwenye miamba iliyoshikana, ukifika hapo haukuti breki.

Lakini smektaiti haibaki hivyo milele. Kadiri bamba linavyozama, kati ya nyuzi 60 na 150 za Selsiasi, hugeuka kuwa ilaiti, madini mengine ya mfinyanzi, na kuyaachia maji yake, nayo mabaki ya daiatomu, vijimea vidogo mno vya majini, yaliyo opali (silika yenye maji), hugeuka hatimaye kuwa kwatzi, silika isiyo na maji. Maji yaliyotoka ndani ya fuwele hayana chumvi, na ndiyo maana maji ya mashapo yenye chumvi pungufu ni ushahidi mzuri kwa mchunguzi. Yakinaswa, huudhoofisha ufa. Yakiisha kutoka, mashapo hukazana, hushikana, na huweza kulimbikiza nguvu.

Hili la pili ndilo linaloonekana kaskazini mwa Sumatra, kulikotokea tetemeko la 26 Desemba 2004, ambalo tsunami yake iliua watu hadi Somalia na Tanzania. Uchorongaji wa mwaka 2016 ulifanywa kwenye mashapo ambayo bado hayajaingia chini ya bamba. Yamerundikana kwa kilomita kadhaa, mengi yakiwa yametoka Himalaya, na unene huo umeyafanya yapate joto kiasi kwamba opali iliyo chini yake imekwisha kupoteza maji mapema. Watafiti waliona humo sababu mojawapo ya ufa kuwa imara hata karibu na mfereji, na kuweza kuteleza kwa nguvu hadi huko. Kwa maoni yangu, kulinganisha Japani na Sumatra kunatosha kutuonya tusiupime ufa kwa unene wa matope yake pekee.

Kwa mwambao wetu, eneo la namna hii lililo karibu zaidi ni Makran, kusini mwa Iran na Pakistani, ng'ambo ya Oman, lenye mashapo mazito mno, na lililotoa tetemeko na tsunami mwaka 1945. Majimaji yake bado yamebanwa: baada ya tetemeko la Septemba 2013 bara nchini Pakistani, kisiwa cha matope kilichipuka baharini mkabala na Gwadar, kikiwa kinatoa gesi ya methani.